Maiti Iliyooshwa Ng'ambo

Dokta Fadhili alifunua shuka hadi kiunoni, akasogea pembeni ili Inspekta Sharifa Nandonde aone mwenyewe. Hakuwa mtu wa kueleza kabla hajaulizwa, na Sharifa hakuwa mtu wa kuuliza kabla hajatazama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita katika chumba kile cha maiti, na mara nyingi nusu saa ilipita hakuna aliyefungua kinywa.

Marehemu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Wanawake waliokwenda kuchota maji ndio waliomkuta, jana Ijumaa alfajiri, kwenye ukingo wa Mto Ruvuma pale Kilambo, hatua chache kutoka mahali inapoegeshwa mitumbwi ya kwenda Msumbiji. Alikuwa amelazwa juu ya majani makavu, amefungwa ndani ya turubai la bluu. Kufikia adhuhuri watu walikuwa na jibu lao. Huyu ni mchimbaji, ametoka machimboni ng'ambo akiwa amemeza dhahabu, na aliyemuua ni Inasio, mvushaji mizigo, ili ampasue aichukue. Watu wawili walimwona Inasio akipanda kutoka mtoni kabla jua halijatoka, peke yake, nguo zimelowa, viganja vinavuja damu. Kufikia jioni Inasio alikuwa mahabusu na nyumba yake imeungua. Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Sasa ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Tumbo," alisema Sharifa.

"Halikuguswa mpaka nilipolifungua mimi. Hili jeraha la ubavuni ndilo walilodhani la kisu. Ni jiwe. Kingo zimepondeka, hazikukatwa."

"Ndani?"

"Hakuna dhahabu. Hakuna chakula pia. Huyu alikaa siku kadhaa bila kutia kitu mdomoni, hata maji."

"Kilichomuua?"

"Mbavu nne za kushoto zimevunjika, pafu limechomwa. Lakini halikumuua siku hiyo hiyo. Jeraha lilishaanza kutunga usaha." Daktari aliinua mkono wa kulia wa marehemu, akaugeuza kwenye mwanga wa taa. "Nilitaka nikutolee alama za vidole ulinganishe na za vitambulisho vya taifa. Haiwezekani. Tazama."

Ncha za vidole zilikuwa zimelika. Kucha zilizobaki zilikuwa tatu.

"Alikuwa anachimba kwa mikono," alisema Koplo Innocent, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari. Alihamishiwa Mtwara kutoka Bukoba mwaka uliopita, na mpaka leo alipendelea kusimama mlangoni.

"Alichimba siku ngapi, Dokta?"

"Tatu. Labda nne. Alikufa Jumatano au karibu na hapo."

Sharifa alizisogelea nguo zilizotandazwa kwenye meza ya pembeni. Mbali na turubai, marehemu alikuwa amezungushiwa viroba vya unga vilivyofumuliwa na kuunganishwa kwa sindano ya mkono. Mshono ulikuwa mbaya, umepinda, lakini mwenye kuushona hakuwa na haraka. Sharifa alikunjua kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akavipima kwa mkono wake. Kimoja kilitosha kiunoni hadi chini. Vingine viwili vilitosha mwili mzima na kubaki kichwani na miguuni.

"Hivi vilikuwa vitatu tangu mwanzo, au wewe ndiye uliyevikata?"

"Vitatu. Kimoja juu ya kingine. Na pamba ilikuwapo, puani na masikioni. Ipo kwenye kichupa."

"Alichokipata ndicho alichomfungia, afande," alisema Innocent. "Anaficha maiti, anachukua viroba."

"Kufungia maiti unatumia kiroba kimoja na kamba. Hapa kuna vipande vitatu, vimepimwa." Alivirudisha kimoja juu ya kingine kama alivyovikuta. "Hii ni sanda. Na nywele hazina hata chembe ya udongo. Mtu huyu alifukiwa na kifusi siku nne, kisha akaoshwa mpaka ndani ya masikio. Dokta, mikono yake ilikuwaje ulipomfungua?"

"Kifuani. Vidole vimepishanishwa, vidole gumba vimefungwa pamoja kwa uzi mweusi."

Sharifa alimgeukia Innocent. "Kwenu mnamlaza hivyo?"

"Ndiyo, afande. Tunamwekea na rozari."

"Sisi hatupishanishi vidole, wala hatufungi."

Aliandika mistari miwili katika daftari lake dogo. Wa kwanza: aliyemwosha alijua marehemu ni Mwislamu. Wa pili: aliyemwosha si Mwislamu. Kisha akafunika kalamu, akamshukuru daktari, wakatoka.

*

Nasra alikuwa nyuma ya nyumba yake kijijini Mahurunga, anamenya mihogo. Jana jioni aliletwa mjini kuitazama maiti, kwa sababu mumewe, Sudi, alikuwa mmoja wa wanaume wa kijiji waliokwenda kuchimba dhahabu ng'ambo. Aliitazama, akasema siyo yeye, akarudishwa kwao. Maelezo yake katika jalada yalikuwa na mistari minne.

Aliwatandikia mkeka. Innocent akabaki kwenye gari.

"Wamekusumbua tena, dada," alisema Nasra. "Nilishasema jana."

"Ulisema. Lakini ulipokuwa unatoka mlangoni uliniuliza swali."

"Sikumbuki."

"Uliniuliza, nani amemwosha?"

Kisu kilisimama katikati ya muhogo.

"Mtu akioneshwa maiti ya mtu baki," alisema Sharifa, "anashukuru Mungu na kwenda zake. Hashughuliki kama kaoshwa au hakuoshwa."

Nasra alimaliza kumenya ule muhogo, akauweka kwenye beseni la maji, akachukua mwingine. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali tangu alfajiri.

"Shemeji yangu Nassoro amerudi Jumatatu," alisema. "Walikwenda pamoja, yeye na mdogo wake. Amesema amemwacha Sudi mzima, wamepata shimo zuri, atakuja kabla ya Ramadhani. Kaniletea salamu. Sasa mimi nikisema yule pale ni Sudi, shemeji nitamwita nani?"

"Uliangalia miguu tu."

"Kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba. Kazaliwa hivyo."

"Cha mguu upi?"

"Wa kushoto."

Sharifa alikumbuka ule mguu. Upande wa pili wa uzio ilionekana mikorosho ya familia, mistari minane, majani yake yamefunikwa na ugonjwa wa ubwiri unga, mweupe kama majivu. Ndiyo iliyowatoa akina Sudi. Misimu miwili mfululizo maua yalinyauka kabla ya kushika, salfa ya kuipulizia ikachelewa kufika, na wanaume waliokuwa wamezoea kuihesabu miaka yao kwa korosho wakaanza kusikiliza habari za ng'ambo. Huko Namwiko, walisema waliorudi, mtu anagonga mwamba mara moja na kuaga umaskini. Waliorudi kuyasema hayo walikuwa wachache, na hakuna aliyewauliza wengine wako wapi.

"Wakati yuko huko mlikuwa mnazungumza?"

"Akipata mtandao. Alikuwa anapanda kichuguu." Nasra alitikisa kichwa kidogo. "Anaogopa lile shimo. Wanashuka na kamba, mmoja ndani, mmoja juu ameshika. Aliniambia hakubali mtu mwingine aishike kamba yake ila kaka yake. Akiugua Nassoro, na yeye hashuki."

"Nassoro alirudi na nini Jumatatu?"

"Hakuna. Hata viatu."

"Na sasa yuko wapi?"

"Shambani. Anashinda huko anafyeka mahali palipokwisha kufyekwa. Ndani haingii. Tangu arudi analala barazani, anasema ndani joto."

Sharifa alifunga daftari. Alipoinuka, Nasra naye aliinuka, mikono inachuruzika maji.

"Mtanipa lini?"

"Kesho. Nikimaliza."

"Basi nitaanza eda," alisema Nasra, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho, akachutama tena kwenye beseni lake.

*

Dirisha la chumba cha mahojiano lilitazamana na maduka ya Chikongola, na mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anatangaza vitenge vipya bila kupumzika. Inasio aliketi ameegemeza viganja juu ya meza, vimefungwa matambara. Alikuwa na miaka hamsini hivi, Mmakonde wa kutoka Msumbiji, babu yake alivuka wakati wa vita vya Wareno na ukoo haukurudi tena. Tangu jana hakuwa amejibu swali lolote, hata la jina la mama yake.

Sharifa alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Inasio aliitikia kwa macho.

"Fungua mikono niione."

Akafungua. Ngozi ya viganja vyote ilikuwa imechunika, na kidole kimoja cha kati kilikuwa cheusi kwa kubanwa.

"Jalada linasema haya ni majeraha ya kupigana na marehemu," alisema Sharifa. "Mimi naona ni ya sururu na mawe. Umechimba siku ngapi?"

Inasio akavigeuza viganja chini.

"Nimetoka Mahurunga sasa hivi. Nasra amemtambua mumewe."

Inasio akainua uso kwa mara ya kwanza. "Kamwona?"

"Kamwona. Kesho atazikwa kwao."

"Basi." Alitoa pumzi ndefu, akamgeukia Innocent aliyekuwa na karatasi. "Basi njomba aandike."

Alizungumza saa nzima, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alikwenda Namwiko mara moja kila mwezi kwa pikipiki, kupeleka dagaa, betri na sabuni, na mara nyingine akabaki wiki mbili tatu kuchimba.

"Namwiko siyo mji," alisema. "Kuna maturubai na mashimo. Shimo wanaliita duara. Unashuka mita ishirini, thelathini, unatoboa mwamba, unajaza kiroba, kinavutwa. Matimba ya kuzuia kuta tulikata porini wenyewe. Miti migumu ikaisha, tukaweka mianzi. Kila mtu alijua mianzi haizuii kitu. Tukaweka."

Kisima kilikuwa kimoja, na palepale kisimani ndipo walipooshea mchanga kwa zebaki. Kikaango kilichochoma zebaki asubuhi ndicho kilichokaanga dagaa jioni. Watu wakaanza kutetemeka mikono, meno yakalegea. Mvua zilipofika likaja tumbo la kuhara, wakafa kumi na mmoja katika siku tisa, wakatiwa kwenye maduara yaliyoachwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuchimba kaburi.

"Ndugu zao waliarifiwa?" aliuliza Sharifa.

"Ndugu gani, mama? Kule mtu anaitwa kwa alikotoka. Huyu Nampula, huyu Kigoma, huyu Mtwara. Nampula akifa, utampigia simu nani? Nampula nzima?"

"Na dhahabu?" Innocent aliuliza, kalamu imesimama.

"Ipo. Nimeiona mkononi mwa mtu mwingine."

Jumamosi iliyopita, aliendelea, walinzi wa mtu anayedai kuwa na kibali cha eneo lile walikuja na mbwa na virungu. Watu wakatawanyika, mamia, wanakimbia juu ya midomo ya maduara. Ardhi ikatikisika, mianzi ikaachia. Duara la Sudi likajifunga na yeye yuko ndani.

"Aliyekuwa juu ameshika kamba ni nani?"

"Watu walikuwa wanakimbia."

"Sijakuuliza waliokimbia. Nimekuuliza aliyeshika kamba."

"Sikumwona."

Sharifa hakumbana. Alimwashiria Innocent aandike lile jibu kama lilivyo.

Inasio alijificha porini usiku kucha. Jumapili asubuhi, walinzi walipokwenda upande wa pili wa bonde, alirudi kutafuta pikipiki yake, akasikia mtu chini ya mawe. Akachukua sururu. Wawili walimsaidia Jumatatu, wakachoka, wakaondoka. Hakuwalaumu, hawakuwa wamekula. Kulikuwa na ufa, upana wa kidole. Kupitia ule ufa alisikia sauti.

"Alisema nini?"

"Mambo ya kawaida. Aliuliza kama mvua inanyesha. Aliuliza ni siku gani. Nilijaribu kumpelekea maji kwa unyasi, hayakufika." Inasio alivitazama viganja vyake. "Jumanne jioni akaniambia, Inasio, nikitoka maiti, unioshe. Nikasema mimi sijui dini yenu. Akanielekeza. Maji mara tatu, anza upande wa kulia. Pamba. Vitambaa vitatu. Akanirudisha nyuma nikikosea, kama mwalimu. Vidole alisahau kuniambia, nikaviweka kama vyetu."

Nje mwenye kipaza sauti alishusha bei ya vitenge.

"Jumatano asubuhi hakujibu. Adhuhuri nikamfikia."

Alimwosha kwa maji ya madebe mawili, akafumua viroba na kuvishona. Hakuna gari ambalo lingepakia maiti isiyo na karatasi, kwa hiyo alimfunga kwenye pikipiki, mgongo kwa mgongo na yeye, akamvika koti na kofia, akaendesha Alhamisi yote kwa njia za porini. Waliomwona walidhani amebeba mlevi. Usiku, ukingoni, akamvua koti na kofia, akamfunga sanda na turubai, na Ijumaa kabla ya alfajiri akamvusha kwa mtumbwi wa kuazima.

"Kwa nini ulimwacha mtoni? Nyumbani kwao unapajua."

Inasio alianza kuyarudisha matambara viganjani.

"Kuna neno jingine aliniambia," alisema hatimaye. "Hilo siandikishi. Mkitaka nifungeni."

Sharifa alimwambia aweke dole gumba kwenye wino. Yule mtu aliweka, akatazama karatasi bila kuisoma.

*

Nassoro aliletwa alasiri ileile. Alikuwa mkubwa wa Sudi kwa miaka minne, mrefu, na aliomba mlango uachwe wazi. Sharifa akauacha. Aliagiza Inasio aletwe, akaketishwa upande wa pili wa meza. Wanaume wale wawili hawakusalimiana.

"Ulimwacha mdogo wako lini?" aliuliza Sharifa, baada ya kumsomea onyo.

"Ijumaa. Mzima."

"Ijumaa ya wiki iliyopita?"

"Ndiyo."

"Kutoka Namwiko hadi Kilambo kwa mwenye haraka ni siku moja na nusu, mbili. Wewe umevuka Jumatatu. Hukuaga mtu, hukubeba hata kifurushi, huna viatu. Mtu anayerudi likizo kwao harudi hivyo. Harudi hivyo ila ametimuliwa, na waliotimuliwa Namwiko walitimuliwa Jumamosi."

Nassoro alitazama mlango.

"Sudi hakuruhusu mtu mwingine ashike kamba yake," alisema Sharifa. "Nasra ameniambia. Jumamosi Sudi alikuwa ndani. Kwa hiyo najua nani alikuwa juu. Sikuulizi hilo. Nakuuliza ulichofanya."

Innocent alianza kukohoa, akajizuia. Ndipo Inasio aliposema, bila kuulizwa, akiitazama meza:

"Nassoro, alikufa palepale. Mawe yalimwangukia kichwani. Nilipomfikia alikuwa wa siku nyingi. Hata ungekaa, usingemkuta."

Jalada lilikuwa mapajani mwa Sharifa. Ndani yake ilikuwamo taarifa ya Dokta Fadhili, na ilikuwamo karatasi yenye dole gumba la Inasio, wino haujakauka vizuri. Hakulifungua. Aliweka mkono juu ya jalada na kusubiri, na baadaye asingeweza kusema alikuwa anasubiri nini.

"Uongo," alisema Nassoro.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama anayemrekebisha mtu jina la mtaa.

"Alikuwa anagonga. Anagonga mara tatu, ananyamaza. Mara tatu, ananyamaza. Ndiyo ishara yetu ya nivute. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, imekatika, na mimi nimeishika, na yeye anagonga. Nilikaa mpaka nikawaona mbwa kwenye duara la jirani."

"Kisha?"

"Nikaiweka kamba chini. Niliizungusha vizuri, kama tunavyoizungusha kila siku. Nilidhani nitarudi." Alipangusa mdomo kwa nyuma ya kiganja. "Nilipofika mtoni nikajiambia ameshakufa. Nilipofika nyumbani Nasra akatoka, akaniuliza, yuko wapi? Nikasema mzima. Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, na lilipotoka nikaona nimepumzika, nikaongeza na salamu."

"Jana, maiti ilipookotwa, ulijua?"

"Nilijua."

"Walipochoma nyumba ya Inasio?"

"Nilikuwapo."

Inasio aliinamisha kichwa. Sharifa alilielewa sasa neno ambalo yule mtu alikataa kuandikisha. Sudi, mle ndani, alimwomba asimtaje kaka yake, na kwa sababu hiyo Inasio alimwacha marehemu mtoni badala ya kubisha hodi kwenye nyumba ambayo Nassoro angeifungua. Hakumwuliza. Jibu halingebadilisha chochote kwenye jalada.

Walipotoka chumbani Innocent alimfuata Sharifa. "Tunamfungulia kosa gani, afande? Kukimbia siyo kosa. Na lilitokea nchi nyingine."

"Kutoa taarifa ya uongo. Kuchoma nyumba, kama wapo watakaosema alishika kiberiti."

"Na lile lenyewe?"

"Andika alivyosema," alisema Sharifa. "Kwa maneno yake. Kisha mwachie Inasio."

*

Jumapili baada ya sala ya alasiri walimzika Sudi Mahurunga. Imamu aliamua aoshwe upya, kwa sababu mwili ulifunguliwa hospitali, na sanda mpya ilinunuliwa. Viroba vilibaki kuwa kielelezo. Nassoro aliletwa kwa gari la polisi, bila pingu. Sharifa aliidhinisha na kusaini mwenyewe. Wanawake walibaki nyumbani na Nasra. Sharifa, kwa kuwa alikuwa kazini, alisimama barabarani kando ya gari, mbali kidogo, mahali alipoweza kuwaona wanaume bila kusikia kinachosemwa.

Upande wa pili wa barabara alisimama Inasio, na wachache wengine wasiokuwa Waislamu. Watu wa kijiji walipita karibu naye wakienda makaburini. Mmoja wao alisita, kama anayetaka kumwambia kitu kuhusu nyumba yake, kisha akaendelea na njia.

Jeneza liliwekwa chini. Walitandaza shuka juu ya kaburi. Wanaume wakatazamana, na Sharifa akajua kinachosubiriwa: ndugu wa damu ashuke kumpokea. Nassoro alikuwa mbele. Alisimama pale kwa muda, mikono imening'inia, mtu wa nyuma yake akaanza kuvua kandambili ili ashuke badala yake. Ndipo Nassoro alipokaa ukingoni, akatanguliza miguu, akaingia.

Walimpa mdogo wake. Shuka lilicheza juu ya kazi iliyokuwa ikifanyika chini. Zikapelekwa mbao, moja moja, za kumfunikia. Halafu shuka likaondolewa, na watu wakashika majembe wakingoja anayetoka atoke.

Hakutoka.

Mtu mmoja alinyoosha mkono ndani ya kaburi. Wakanyoosha wawili. Imamu akainama, akazungumza, akasikiliza, akazungumza tena. Innocent, aliyekuwa amevuka kwenda karibu kwa ajili ya ulinzi, aligeuka kumtazama Sharifa. Alinyanyua mabega. Sharifa alitazama saa, kwa mazoea, kwa kuwa muda wa mtuhumiwa kuwa nje ulitakiwa kuandikwa. Dakika sita. Dakika nane. Mwenye jembe mmoja aliliegemeza kwenye goti.

Inasio akavuka barabara. Hakuomba ruhusa na hakuna aliyemzuia. Alipita katikati ya watu mpaka ukingoni, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akasema kitu kifupi, maneno mawili au matatu. Kisha akalala kifudifudi, akaingiza mikono yote miwili iliyofungwa matambara.

Alikaa hivyo. Halafu Sharifa aliona mgongo wake ukikaza, na miguu yake ikitafuta pa kujizuia, na wanaume wawili wakamshika kiuno, na Inasio akavuta.